Maji ya Darasa la Pili

Mwezi uliopita mlinialika pale mjini Salama, kwenye ukumbi wa kanisa ulio nyuma ya maduka ya barabarani, nizungumze na walimu wa intern, wale wa mkataba, wa upande huu wetu. Mlinipa dakika kumi. Tatu zilikwenda kwa maombi, tatu kwa kunitambulisha kwa vyeo ambavyo sikuwahi kuwa navyo, na katika hizo zilizobaki malori ya Mombasa yalipiga honi mpaka nikasahau nilichokuja kusema. Nikawaambia mfanye bidii na muwaheshimu wazazi. Mkanipigia makofi, mkanifunga leso, mkanipa soda. Nawashukuru kwa vyote, hata kwa soda, ingawa daktari wangu hangekubali.

Kabla sijaketi, binti mmoja aliyevaa sweta ya kijani aliinua mkono. Alisema anafundisha darasa la tatu kwa mkataba wa mwaka mmoja, na kila likizo anakwenda chuoni kusomea diploma. Kisha akauliza: "Mwalimu, nitamfundisha mtu aje na mimi mwenyewe bado nafundishwa?" Wenzake wakacheka, mwenye kipaza sauti akasema muda umeisha, na binti akaketi bila jibu. Nilirudi nyumbani Kathonzweni nimejikasirikia, kwa sababu swali hilo nililiishi miaka mitatu na ningeweza kulijibu.

Basi nimeketi kuandika. Nitaruka huku na huku, mnivumilie. Mwalimu mstaafu hana kengele ya kumnyamazisha.

Sisi hatukuitwa intern. Tuliitwa UT, yaani mwalimu ambaye hajasomea ualimu. Ukimaliza kidato cha nne na alama za kuonekana, unapewa darasa kwanza, halafu kujua kufundisha kunakufuata nyuma. Mshahara ulikuwa mdogo lakini ulikuja. Aprili, Agosti na Desemba, wenzetu walipopumzika, sisi tulikuwa chuoni kwa kozi ya likizo, na muhula ukifunguliwa tulirudi shuleni na mazoezi ya kuandika ambayo tuliyatuma kwa posta. Mkufunzi naye alikuja bila kutaja siku, akaketi nyuma ya darasa na fomu yake magotini. Ukipita karatasi na ukipita darasani, unapata cheti cha P1, cha mwalimu wa shule ya msingi. Ukianguka darasani mara moja unapewa nafasi nyingine, na ukianguka tena unarudi kwenu.

Kwangu mimi, kurudi kwetu kulimaanisha mbuzi wa mjomba. Baba alikuwa ameshafariki, mama alikuwa na watoto watano nyuma yangu, na mjomba alikuwa amesema wazi kwamba msichana akishindwa na chaki hatashindwa na mbuzi. Nawaambia haya ili msidhani niliingia kazini kwa wito. Niliingia kwa kuogopa mbuzi. Wito ulikuja baadaye, ukanikuta nimeshaingia.

Shule niliyopewa ilikuwa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, mbele kidogo ya Kanyangi. Nikapewa darasa la pili, watoto arobaini na mmoja, na chumba kwenye boma la Mwalimu Kavata aliyefundisha darasa la kwanza. Nikisema nilisomea ualimu chuoni nasema ukweli nusu. Nusu nyingine niliisomea kwa Kavata. Alikuwa mama wa makamo, mwenye cheti cha zamani kilicho chini ya hiki nilichokuwa nikikitafuta mimi, na hakuwahi kuona haya kwa hilo. Wakati wa mapumziko alisokota mkonge pajani na kusuka kiondo, mikono ikienda yenyewe, macho yake yakiwa kwenye uwanja na kila mtoto aliyekuwamo.

Asubuhi yangu ya kwanza nilishika chaki nzima, mpya, nikaandika tarehe ubaoni. Chaki ikapiga kelele mpaka watoto wakaziba masikio. Nikabonyeza zaidi, kelele ikazidi. Kavata akaingia kutoka darasa lake la kwanza, maana ukuta wa mabanzi tu ulitutenga, akaichukua chaki mkononi mwangu, akaivunja katikati, akanirudishia nusu, akatoka. Nusu ile haikupiga kelele, na mpaka leo nikiona mwalimu kijana anaandika kwa chaki nzima mkono wangu unawasha.

Najua sasa mna ubao mweupe na kalamu zake, na wengine mna vishikwambi. Wakati huo ubao ulipofifia tuliutia weusi wenyewe. Unavunja betri kuukuu za tochi, unatoa ule unga mweusi wa ndani, unauponda na majani mabichi, unapaka, unaacha ukauke usiku kucha. Mara ya kwanza nilifanya kazi hiyo Jumamosi, na Jumapili nikaenda kanisani na mikono ya fundi wa magari. Mzee wa kanisa alinisalimia kwa mkono, akautazama mkono wake, akaupangusa kwenye koti lake la Jumapili huku akinitakia baraka.

Jambo jingine nililofundishwa na Kavata ni hili la andalio la somo, na hapa hata ninyi mnaoandika kwenye simu mnisikize. Langu la kwanza lilijaa kurasa tatu. Nikampelekea nikitaraji sifa. Alilisoma lote polepole, kisha akaniuliza: "Umeandika mwalimu atafanya hii, mwalimu atafanya ile. Na mtoto atakuwa anafanya nini?" Nikatazama. Kweli, katika kurasa zote tatu mtoto hakuwa na kazi yoyote ila kuketi. Tangu siku hiyo naandika upande wa mtoto kwanza.

Sasa nifike kwenye maji, maana ndiyo niliyotaka kuyasema kule Salama.

Kila mtoto wa shule ile alikuja asubuhi na ukuni mmoja na chupa ya maji. Sehemu ya maji ilimiminwa kwenye sufuria ya jikoni kupika isyo, yaani mahindi na maharagwe, na sehemu ilibaki kwenye chupa ya kunywa. Mwaka wangu wa tatu mvua ilikuwa imekosa misimu miwili. Maji yalitoka sehemu moja tu, kisima kilichochimbwa mchangani kwenye mto mkavu, mwendo wa saa nzima kutoka shuleni, na kila wiki kisima kilizidi kwenda chini. Mtu alishuka ndani kwa ngazi ya miti, akateka kwa kibuyu kilichokatwa, akapitisha juu.

Hayo yote niliyajua. Mimi si mtu wa mjini, nimezaliwa Kathonzweni, nimebeba maji mgongoni tangu nikiwa mdogo. Ndiyo maana sina kisingizio.

Likizo ya Desemba chuoni tulikuwa tumeonyeshwa jinsi ya kufundisha ujazo. Unachukua kikombe na mkebe mkubwa. Mtoto anajaza mkebe kwa kikombe, darasa linahesabu. Kisha unamwaga, na mtoto mwingine anaanza upya. Chuoni kulikuwa na mfereji na sinki, tukamwaga na kujaza mchana kutwa, na mimi nikasifiwa mbele ya wenzangu. Nikaliandika somo hilo kwa unadhifu na kulingoja.

Katika muhula wa mwisho wa kozi tulitembelewa mara mbili, na alama za mara zote mbili zilikuwa ndizo za kuamua. Wa kwanza kuja alikuwa mkufunzi kijana mwenye tai, vumbi la pikipiki mpaka kwenye nyusi. Akaketi nyuma. Mimi sikuwaona tena watoto, niliona fomu. Nikawaambia watoto walete chupa zao mbele. Wakaleta. Kikombe, kikombe, kikombe, mkebe ukajaa, nikaupeleka mlangoni nikaumwaga nje, nikaita mtoto mwingine. Mkebe wa pili, mlangoni. Wa tatu, mlangoni. Darasa lilikuwa kimya kabisa. Nilidhani ni nidhamu, na mkufunzi naye akadhani hivyo, maana aliandika kwamba darasa lina utulivu na kwamba vifaa vimetumika vizuri. Nilipata alama ambazo sikuwahi kupata. Baadaye tukaketi na mwalimu mkuu ofisini, tukanywa chai.

Jioni nilirudi nyumbani nikiimba. Kavata alikuwa jikoni. Alinipa chakula, akaniuliza habari za mgeni, akarudi kwenye sufuria yake.

Kesho yake walikuja watoto kumi na wawili, na hakuna aliyekuwa na chupa. Nikamuuliza Mumbua, msichana mdogo wa dawati la mbele ambaye siku nyingine zote alizungumza kuliko mimi. Alitazama chini. Akasema mama yake amesema chupa isiingie darasa la pili. Wengine walikuwa wamezificha chini ya meza ya Kavata, kule darasa la kwanza.

Saa nne mama yake Mumbua akaja. Alikuwa ndiye mama anayesimamia foleni kule kisimani, mrefu, mtulivu, asiyeinua sauti. Tulisalimiana kikamilifu, habari ya nyumbani, habari ya mama yangu kwetu Makueni, habari ya kazi. Kisha akasema: "Mwalimu, mimi sikusoma. Nataka tu kujua. Ile maji ilimwagwa jana, ilikuwa inafundisha watoto nini?"

Nikasema ujazo. Nikajisikia nikilisema neno hilo, na nikatamani ningekuwa sijalisema.

"Sawa," akasema. "Mumbua aliamka saa kumi kuchota hiyo." Akaniomba radhi kwa kunisumbua, akaenda.

Sitawadanganya. Kitu cha kwanza nilichoogopa ni cheti. Mkufunzi wa pili angekuja wakati wowote, na mkufunzi yeyote mwenye macho anajua darasa lililomkataa mwalimu wake. Niliona mbuzi wa mjomba wote, mmoja mmoja, na nilikuwa nawajua kwa majina. Aibu yenyewe ilinifikia baada ya chakula cha mchana, nilipopita jikoni na mpishi akaniambia kwamba jana isyo haikuiva vizuri kwa kukosa maji na watoto walikula ikiwa ngumu, bila ya kunywa, wakati sisi tuko ofisini na chai. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia.

Jioni nilimuuliza Kavata kwa nini hakuniambia. Akasema nilikuwa na furaha sana. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema nirudishe. Nikamwambia mwisho wa mwezi nitamlipa mtu wa punda alete mitungi miwili, nigawe, mambo yaishe.

"Wao hawakununua," akasema, na akaendelea kuchambua kunde zake.

Basi Jumanne, kabla jua halijatoka, nilikwenda kisimani. Kule kila boma lilikuwa na siku zake, na mtu asiye na siku hateki maji. Nilimkuta mama Mumbua amesimama penye foleni ya mitungi. Nikamwambia nimekuja kuomba zamu, nirudishe maji ya watoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kwa upole kama nina boma pale. Sikuwa nalo, nilikuwa mpangaji mwenye sanduku moja. Kavata, aliyekuwa amenifuata nyuma bila mimi kujua, akasema kutoka kule alikosimama kwamba mimi ni wa boma lake, na kwamba nusu ya zamu yake, Jumanne na Ijumaa, ni yangu. Mama Mumbua akatikisa kichwa kukubali. Nilipata zamu kwa jina la mama mwingine, na mpaka leo nikimkumbuka Kavata akisema vile nashukuru kwa sauti, hata nikiwa peke yangu jikoni.

Ila nilikosea tena siku hiyohiyo. Wamama wa foleni waliponiona walisema mwalimu asichelewe, watoto wanamngoja, apite mbele. Nikapita. Nilishukuru kwa heshima, nikajaza mtungi wangu wa lita tano, nikaufunga kwa mukwa, ile kamba ya ngozi inayopita juu ya paji la uso, nikaondoka wa kwanza. Kavata alinifuata akanifikia njiani. Aliniambia kwamba kama nimeruka watu kumi waliolala pale mchangani, basi nimeyamwaga tena. Nikaurudisha mtungi. Nikaumimina kwenye mtungi wa bibi mmoja aliyekuwa mbele, nikaketi mwisho wa foleni. Siku hiyo nilifika shuleni saa nne, mwalimu mkuu akaniandika kwenye kitabu cha waliochelewa, na alikuwa na haki.

Darasani nilisimama mbele nikawaambia watoto nilikosea. Siku hizi mnafundishwa kusema hivyo, wakati huo halikuwa jambo la kawaida, na mwalimu mkuu alipata habari akaniuliza kama niko mzima. Niliwaambia kwamba maji niliyomwaga yalikuwa yao na kwamba nitayarudisha kila mtu kwenye chupa yake. Hawakupiga makofi. Mumbua aliuliza kama nitaanza na nani. Nikasema nitafuata rejista.

Mtungi wa lita tano ulitosha watoto wanne au watano, na siku zangu zilikuwa mbili kwa wiki. Nilimimina mbele ya darasa zima, polepole, chupa ikiwa ndani ya beseni ili hata tone lisipotee, na mwenye chupa akishuhudia. Mara ya kwanza walitazama kama watu wa mahakama. Mara ya tatu walianza kuhesabu vikombe bila kuambiwa. Wiki ya tatu karibu wote walikuwa wamerudi, na chupa zilitoka chini ya meza ya Kavata.

Binti wa sweta ya kijani, jibu lako nililiona kule kisimani. Nikiwa kwenye foleni niliona watoto wangu wakifanya kazi ambayo mimi nilidai kuwafundisha. Mtungi wa lita ishirini ulijazwa kwa vibuyu kumi na sita, na watoto ndio waliohesabu kwa sauti kwa ajili ya wamama, kwa sababu hesabu ya mtoto haikushukiwa na mtu. Walijua kibuyu kilichopasuka mdomo kinahesabiwa robo tatu. Walijua mtungi wa nani una tumbo na unadanganya macho. Watoto wa miaka minane, na mimi darasani nilikuwa nawaonyesha kikombe na mkebe. Kwa hivyo usiogope kwamba bado unafundishwa. Ogopa ukiwa umeacha kufundishwa na hao ulio nao kila siku. Mimi nilikuwa na wakufunzi wawili kwenye karatasi, na arobaini na mmoja wa kweli mbele yangu.

Nikaandika andalio jipya. Maji nikayatoa, nikaweka mchanga. Mchanga wa mto tulikuwa nao mwingi kuliko tungeweza kuumaliza, unamiminika vizuri, na ukimwagika unauchota tena. Kila mtoto akaleta chombo cha nyumbani kwao, debe, kibuyu, kopo la mafuta ya kupikia, na kazi ilikuwa kukisia kwanza, kuandika ulichokisia, kisha kupima. Upande wa mwalimu katika andalio hilo ulikuwa mistari minne.

Mkufunzi wa pili alifika siku ya Jumatano, wiki ya tano tangu nianze kurudisha maji. Alikuwa mama mfupi wa miwani, na huko chuoni tulikuwa tumeshasikia habari zake: mwaka uliopita alikuwa ameangusha watu katika shule tatu na kula chakula cha mchana kwa utulivu. Aliketi nyuma. Watoto waliendelea kupima, na mimi nilikuwa chini sakafuni na kundi la Kioko lililokuwa likibishana kuhusu debe, kwa hiyo ilinichukua muda hata kukumbuka kwamba nina mgeni.

Mwishoni aliniita. Alinionyesha azimio langu la kazi, ambapo nilikuwa nimeandika tangu mwanzo wa muhula kwamba ujazo utafundishwa kwa maji. Akaniuliza mbona mchanga. Nikamweleza habari ya ukame. Akasema ukame haukuanza jana, na mkufunzi mwenzake aliandika kwamba mimi nilitumia maji, tena vizuri. Ningeweza kukubali na kunyamaza. Lakini watoto walikuwa wakisikiliza, na wao waliijua habari yote, kwa hivyo nikamwambia: nilimwaga maji yao ya kunywa ili nipate alama, nikapata alama, na sasa nayarudisha.

Akafunga kalamu. Akaniambia nitoke nje niwaache yeye na watoto.

Nilisimama karibu na rundo la kuni. Hakuna kitu kigumu kwa mwalimu kama kusimama nje ya darasa lake mwenyewe na mlango umefungwa. Sikusikia maneno, nilisikia sauti ya mkufunzi ikiuliza na sauti ndogo zikijibu, moja, kisha nyingi, kisha moja tena. Kavata alitoka kwenye darasa lake, akaja akasimama kando yangu na kiondo chake mkononi, na hakusuka. Nilimwambia wakisema yote nimekwisha. Akasema watasema yote, watoto ndivyo walivyo.

Mlango ulifunguliwa. Mkufunzi alinipa fomu niitie sahihi, na nilitafuta alama kwa macho kabla ya kutafuta mahali pa sahihi. Nilikuwa nimepita. Si kwa alama za yule kijana wa tai, zilikuwa chini ya zile, lakini nilikuwa nimepita. Nikamuuliza watoto wamemwambia nini. Akasema nikawaulize wenyewe, yeye ana safari ndefu.

Niliingia. Wote arobaini na mmoja walikuwa wameketi vizuri mno, mikono juu ya madawati. Nikamuuliza Mumbua mgeni alikuwa anataka nini.

"Alituuliza kama tunataka ubaki ama uletwe mwalimu mwingine."

"Mkamwambia nini?"

Mumbua aliangalia wenzake, kuhakikisha wamekubaliana.

"Tulimwambia hauwezi kuenda. Ijumaa ni zamu yako, na bado haujaletea Kioko na Ndunge."

Ijumaa nikaleta ya Kioko na ya Ndunge, na nikabaki shule ile miaka kumi na moja.